Jumamosi Saa Tisa: Wikiendi Ilivyopatikana, na Hela Ilivyoifuata Hadi Ndani

Jumamosi jioni, ingia kibanda umiza chochote cha Dar, kuanzia Manzese mpaka Mbagala, utakuta hakuna pa kukanyaga. Mabenchi yamejaa, wa nyuma wamesimama, feni inazungusha joto lile lile. Ni ule mkupuo wa mechi za Ligi Kuu ya England zinazoanza kwa pamoja. Kwa saa za Afrika Mashariki huwa ni saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi ya kule, saa kumi na moja wakati wa joto. Kwao ni saa tisa alasiri, mwaka mzima, na imekuwa hivyo tangu enzi za mababu zao.

Sasa cheki hii. Mwingereza aliyekaa sebuleni kwake Manchester mechi hizo hawezi kuziona laivu kwenye TV. Tangu miaka ya 1960 kuna marufuku ya kurusha soka moja kwa moja ndani ya nchi hiyo siku ya Jumamosi, kati ya saa nane na dakika 45 mchana na saa kumi na moja na robo jioni, ili watu waende viwanjani wenyewe. Yaani jamaa wa Manzese aliyetoa jero yake mlangoni anaona kitu ambacho mwenye mji haoni.

Ila swali ni moja: kwa nini saa tisa? Kwa nini sio saa nne asubuhi, au Jumapili? Jibu halina uhusiano na mpira. Lina uhusiano na kengele ya kiwanda cha nguo, na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, waliopigania masaa machache ya kupumua. Wakayapata. Halafu hela ikawafuata hadi humo ndani.

Siku Jumatatu ilipokuwa sikukuu

Kabla ya viwanda vikubwa, fundi wa Uingereza hakuwa na wikiendi. Alikuwa na kitu kingine, na ukimuuliza yeye pengine angekwambia kilikuwa kitamu zaidi. Mshona viatu, mshona nguo, mfumaji, mtengeneza visu wa Sheffield, wote hao walifanya kazi nyumbani au kwenye karakana ndogo. Wengi vifaa vilikuwa vyao, na malipo yalikuwa kwa kazi iliyokamilika, sio kwa saa. Hesabu ilifungwa Jumamosi jioni. Jumapili ilikuwa kanisa na pombe, kwa mpangilio atakaoupenda mtu. Halafu ikifika Jumatatu, hakuna anayegusa kazi.

Siku hiyo waliipa jina kabisa, Mtakatifu Jumatatu, kama vile ni sikukuu ya mtakatifu fulani kwenye kalenda ya kanisa. Utani mtupu, lakini ulishika. Jumatatu watu walipiganisha majogoo, walicheza, walitembeleana, walifunga hata ndoa. Jumanne mtu anaanza taratibu, Jumatano anakaza, Alhamisi na Ijumaa anakesha na mshumaa ili afidie. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuanza kuandika ripoti ya chuo usiku wa kuamkia siku ya kukusanya anaujua mfumo huu vizuri.

Wapo waliouchukia. Kuna kijana mmoja kutoka Marekani aliyefanya kazi kwenye nyumba za uchapaji za London miaka ya 1720. Huyu bwana hakuwahi kukosa kazini siku ya Jumatatu, na uzeeni akaandika kabisa kwenye kumbukumbu zake kwamba hiyo ndiyo ilimfanya apendwe na bosi. Jina lake halina haja. Sura yake iko kwenye noti ya dola 100. Wenzake waliokuwa baa Jumatatu hiyo hawapo kwenye noti yoyote, ila hakuna ushahidi kwamba walijuta.

Usije ukadhani lakini kwamba yalikuwa maisha ya bata. Mtakatifu Jumatatu aliwafaa zaidi wenye ujuzi ambao kazi yao ilikuwa na bei nzuri. Mke wa fundi alikuwa na Jumatatu ya aina nyingine, kwa sababu hela iliyonywewa siku hiyo ndiyo ilitakiwa inunue mkate wa Alhamisi. Hilo liwekwe kiporo, litarudi.

Mashine haijui hangover

Kisha ikaja injini ya mvuke. Mwenye kiwanda alikuwa ametumbukiza mtaji mkubwa kwenye mashine, na kila saa iliposimama aliiona hela ikiyeyuka. Mtu mmoja asipokuja, mstari mzima unayumba. Mtakatifu Jumatatu akageuka kuwa adui namba moja. Zikaja faini za kuchelewa, milango ya kiwanda kufungwa dakika chache baada ya kengele, watu kufukuzwa.

Kwenye viwanda vya pamba vya Lancashire kazi ilikuwa siku sita, kuanzia giza mpaka giza, na wengi wa waliokuwa kwenye mashine walikuwa wanawake na watoto. Baada ya miaka mingi ya mikutano na maandamano, mwaka 1847 bunge lilipitisha sheria ya masaa 10 kwa siku kwa wanawake na vijana wa viwanda vya nguo. Wenye viwanda wakapata mwanya haraka sana: wakaanza kupanga watu kwa zamu za kupishana, huyu ametoka, yule ameingia, mashine inaendelea, na mkaguzi hawezi kujua nani amefanya masaa mangapi.

Mwaka 1850 ikaja sheria ya kuziba mwanya huo. Kazi ilitakiwa iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, au kati ya saa moja na saa moja, na muda wa kula humo humo. Na Jumamosi, saa nane mchana, kila mwanamke na kijana awe ametoka. Wanaume watu wazima hawakutajwa. Lakini kiwanda hakiwezi kuendeshwa nusu nusu, wakitoka hao na mashine inazimwa, kwa hiyo baba naye akatoka.

Hapo ndipo nusu siku ya Jumamosi ilipopata sheria nyuma yake. Na haikuwa ya bure. Kabla ya hapo masaa ya wiki yalikuwa 58. Sheria ya 1850 ikayafanya 60. Wafanyakazi walitoa masaa mawili ya nyongeza kila wiki ili wapate mchana mmoja wa uhakika, wenye mwanzo unaojulikana. Kwa hesabu ya kawaida unaweza kusema walipigwa. Ila mtu ambaye hajui leo atatoka saa ngapi hapumziki hata akiwa amekaa. Na hilo bila shaka walilijua kuliko wabunge.

Mjini Birmingham, kwenye karakana za vyuma, dili lilikuwa la wazi zaidi. Wenye kazi, wachungaji na wapinga pombe walikaa upande mmoja wakasema: acheni Jumatatu, mpewe Jumamosi mchana. Mchungaji alitaka watu wamalize starehe zao Jumamosi ili Jumapili waje kanisani. Tajiri alitaka mashine zake ziwe na watu Jumatatu. Nusu siku ya Jumamosi ikaanza kuenea miaka ya 1850, na Mtakatifu Jumatatu akafa taratibu, miaka mingi, huku mafundi wakaidi wakijaribu kwa muda mrefu kula vyote viwili.

Mwenye kuangalia kwa makini ataona ni nani aliyefaidi. Siku nzima ya kujiamulia ilibadilishwa na nusu siku ya kupewa.

Saa nane kutoka, saa tisa uwanjani

Watu elfu kadhaa wametoka kiwandani saa nane kwa pamoja, wamelipwa siku hiyo hiyo, wana jioni nzima mbele yao. Mtu anapita nyumbani, ananawa, anakula, anatembea mpaka uwanjani. Saa ngapi hiyo? Saa tisa. Wala hakukuwa na kamati iliyokaa kuchagua muda huo. Uliangukia tu pale, kwa sababu kengele ya kiwanda ilikuwa imeshaamua.

Mwaka 1883 timu moja ya mji wa Blackburn, yenye wafumaji, fundi bomba na mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, ilifika fainali ya Kombe la FA dhidi ya watoto wa matajiri waliosoma shule ya bei mbaya. Wafumaji wakashinda 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Miaka mitano baadaye, Jumamosi ya tarehe 8 Septemba 1888, ligi ya kwanza ilianza ikiwa na timu 12, zote za Lancashire na miji ya viwanda ya katikati ya nchi. Ya London haikuwepo hata moja.

Na kwa wale wanaojiuliza kwa nini kuna timu inaitwa Sheffield Wednesday, yaani Jumatano, sababu ni hiyo hiyo ya mapumziko. Ilianza mwaka 1820 kama klabu ya kriketi ya watu ambao nusu siku yao ilikuwa Jumatano, wakaongeza soka mwaka 1867. Jina limebaki, siku imehama.

Wauza maduka ndio walioumia zaidi. Jumamosi wenye viwanda wanawatoa watu wao na hela mfukoni, kwa hiyo maduka yanabaki wazi mpaka usiku mnene. Binti wa dukani alisimama tangu asubuhi, akifunga vifurushi vya watu wanaofurahia mapumziko ambayo yeye hana. Kampeni ya kufunga maduka mapema ilianza London mwaka 1842. Sheria iliyowapa wauzaji nusu siku kwa wiki ilipita mwaka 1911, miaka 69 baadaye. Mapumziko ya mmoja yalikuwa mzigo wa mwingine, na mtu yeyote anayefanya kazi kwenye baa, saluni au hoteli ya ufukweni Jumapili hahitaji kusimuliwa.

Neno lenyewe la wikiendi lilichelewa kuzoeleka. Mwaka 1879 jarida moja la London lililoeleza maneno ya watu lilitaja kwamba huko Staffordshire mtu akiondoka kwake Jumamosi baada ya kazi, akakaa kwa rafiki jioni hiyo na Jumapili, husemwa yuko kwenye mwisho wa wiki. Ilikuwa bado habari ya kuelezewa. Kiswahili nacho kina kioja chake hapa: Jumamosi ni Juma na mosi, yaani moja, Jumapili ni ya pili. Kwa hesabu ya lugha yenyewe, siku hizi mbili ndizo zinazoanzisha wiki, kwa sababu wiki inafungwa na Ijumaa. Watu wanasema "mwisho wa juma" huku majina ya siku yanasema mwanzo.

Suti iliyokaa rehani

Mapumziko hayaliwi. Yakishapatikana yanataka hela, na hela ya mfanyakazi wa Uingereza ilikuwa na njia nyingi za kutoweka kati ya kiwandani na nyumbani.

Ya kwanza ilikuwa mahali pa kulipia. Kwenye kazi nyingi, hasa za ujenzi na bandarini, mshahara wa Jumamosi ulilipwa baa. Msimamizi anakaa meza ya ndani, wanaume wanasubiri, na kusubiri bila kuagiza kitu ilikuwa aibu. Wakati mwingine mwenye baa ndiye aliyekuwa na chenji. Migodi ya makaa ilikatazwa kufanya hivyo mwaka 1842, sehemu nyingine zikakatazwa mwaka 1883. Katika miaka yote hiyo picha ya kawaida ya Jumamosi jioni ilikuwa mwanamke aliyesimama nje ya mlango wa baa, na mtoto kiunoni, akisubiri kujua wiki ijayo nyumbani watakula nini.

Akishapata chake ndipo anakwenda sokoni, usiku. Hakukuwa na friji na Jumapili ilikuwa imefungwa, kwa hiyo muuza nyama mwenye kilo zimebaki saa nne za usiku alipaza sauti akishusha bei. Ndiyo maana maskini walinunua nyama ya Jumapili dakika za mwisho. Baba alikuwa ameshapumzika tangu saa nane mchana. Mama alikuwa ndio kwanza anaanza.

Kisha kuna suti.

Familia ya mfanyakazi ilikuwa na nguo za kazi na nguo za Jumapili. Bila nguo za Jumapili huendi kanisani, hutembei barabarani na mchumba, huendi kwa mama mkwe, unakaa ndani umefunga pazia. Suti ile ndiyo ilikuwa wikiendi yenyewe. Na ndiyo ilikuwa kitu pekee cha thamani ndani ya nyumba ambacho hakikuwa na kazi kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa.

Basi Jumatatu asubuhi, mume akishaondoka, mke anaikunja suti, anaongeza viatu na pengine shuka, anafunga furushi na kwenda duka la rehani, lile lenye alama ya mipira mitatu inayoning'inia nje. Anapewa shilingi kadhaa na tiketi. Hela hiyo inavusha siku mpaka mshahara. Jumamosi jioni mshahara umeingia, anakwenda kuikomboa suti, Jumapili inavaliwa, Jumatatu inarudi rehani. Mitaa mizima iliishi hivyo, wiki baada ya wiki, miaka na miaka. Kuna waume ambao hawakujua kabisa safari za suti zao. Kuna wanawake waliobeba mafurushi ya majirani wenye haya kwa malipo kidogo.

Hesabu yake inaumiza. Sheria ya rehani ya mwaka 1872 iliruhusu riba ya nusu peni kwa kila shilingi mbili kwa mwezi, na nusu peni nyingine ya tiketi kwa mkopo usiozidi shilingi 10. Inaonekana ndogo. Tatizo ni kwamba ukirudisha baada ya siku tano, unalipa kama umekaa mwezi mzima. Weka suti kwa shilingi 10 kila Jumatatu: riba ni peni mbili na nusu, tiketi nusu, jumla peni tatu. Shilingi moja ilikuwa peni 12. Peni tatu mara wiki 52 ni peni 156, yaani shilingi 13. Kwa mwaka mwanamke huyu amelipa shilingi 13 kwa ajili ya mkopo wa shilingi 10, na suti ni yake mwenyewe tangu mwanzo.

Leo Bongo wanaita kausha damu. Mkopeshaji wa siku hizi haweki mipira mitatu dukani, anatuma meseji, na dhamana inaweza kuwa TV, simu au kadi ya benki. Lakini mwenendo ni ule ule: mkopo mdogo, muda mfupi, unalipa, unakopa tena kesho yake kwa sababu kulipa ndiko kulikomaliza hela.

Ni rahisi kuwacheka. Kwa nini wasiiuze suti wakanunua chakula, yakaisha? Matajiri wa enzi hizo waliandika sana kuhusu uzembe wa maskini wasiojua kuweka akiba. Kundi la wanawake wa London walilitazama suala hili kwa karibu kati ya 1909 na 1913. Waliingia nyumba hadi nyumba Lambeth, kwenye familia zilizokuwa zinaishi kwa takriban pauni moja kwa wiki, na kuwaomba akina mama waandike kila peni. Walichokuta kilikuwa kinyume na maneno ya mitaani: kodi inachukua theluthi, bima ya mazishi inalipwa kila wiki bila kukosa, nyama nzuri anawekewa baba kwa sababu akidondoka yeye wote wamedondoka, na mama anakula kilichobaki. Pauni ilikuwa imepangwa mpaka nusu peni ya mwisho. Hakukuwa na uzembe wa kupunguza. Kulikuwa na pauni moja.

Kwenye maisha ya namna hiyo, kulipa peni tatu ili Jumapili moja mume, mke na watoto watembee barabarani wakiwa wasafi na kuheshimiwa sio ujinga. Hiyo ilikuwa bei ya kupumzika, ilikuwa ghali mno, na waliilipa.

Mkeka wa kwanza

Mtu anaweza kufikiri soka lilibaki kama kona salama. Saa tisa, shida zote zinabaki nje ya geti. Mpaka mwaka 1923.

Mwaka huo vijana watatu wa Liverpool walichapisha fomu 4,000 na kuzigawa nje ya uwanja wa Old Trafford. Unajaza matokeo unayoyatabiri, unachangia kidogo, anayepatia anakula hela ya wote. Mwanzo ulikuwa mbaya, wawili wakajitoa. Aliyebaki akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi hiyo. Kufika miaka ya 1930 mamilioni ya Waingereza walijaza fomu hizo kila wiki. Sheria ilikataza kupokea dau la hela taslimu kwa njia ya posta, kwa hiyo wajanja wakafanya iwe ya mkopo: unacheza wiki hii, unalipa wiki ijayo.

Jumamosi ikabadilika. Zamani mtu alikwenda kutazama timu yake. Sasa alikuwa na mechi kadhaa za timu asizozipenda, kwenye miji ambayo hajawahi kufika, na kila moja inaweza kumchania karatasi. Saa kumi na moja jioni nyumba nzima inanyamaza, redio inasoma matokeo, baba ana penseli mkononi. Wenye ligi walikasirika. Mwaka 1936 waliamua kuficha ratiba ya mechi mpaka dakika za mwisho ili fomu zisiweze kuchapishwa. Vita hivyo viliisha ndani ya wiki chache. Mashabiki walikuwa hawajui nani anacheza na nani, viwanja vikapungua watu, na wenye fomu waliendelea kupata ratiba kwa njia zao.

Mfukoni mwa kijana wa leo mkeka upo kwenye simu, na mechi zipo siku saba. Yule wa 1936 walau Jumanne alikuwa anapumua.

Siku ya pili

Jumamosi nzima ilikuja baadaye, na sababu zake hazikuwa huruma tupu. Mwaka 1926 tajiri mmoja wa magari wa Detroit alipunguza wiki ya kiwanda chake kuwa siku tano, na akaeleza bila kuficha: mtu asiye na muda hanunui gari, kwa sababu hana pa kwenda nalo. Uingereza, kampuni ya dawa ya Nottingham ilijenga kiwanda kipya kilichozalisha haraka kuliko walivyoweza kuuza. Badala ya kufukuza watu, mwaka 1934 ikawapa Jumamosi yote bila kukata mshahara, ikaona kazi haikudorora. Marekani ikaweka masaa 40 kwa wiki kwenye sheria ya mwaka 1938, ikaanza kutumika kikamilifu mwaka 1940. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia siku tano zikawa kawaida Ulaya.

Sheria za Afrika Mashariki hazikufika huko. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu masaa 45 ya kawaida ndani ya siku sita, na inampa mfanyakazi masaa 24 mfululizo ya kupumzika kwa wiki. Akiitwa kazini ndani ya masaa hayo, kila saa inalipwa mara mbili. Kenya, sheria ya mwaka 2007 inasema siku moja katika kila saba. Kwa hiyo wikiendi ya siku mbili anayoifahamu mtu wa ofisini ni mazoea, au mkataba wake tu. Sheria inamlindia moja. Na ile meseji ya bosi ya Jumapili saa tatu usiku, "naomba hiyo ripoti haraka", haijawahi kulipwa mara mbili na mtu yeyote.

Halafu kuna wengi zaidi ambao sheria hiyo haiwagusi, maana hawana bosi wa kuandikiwa barua. Mama lishe, fundi simu, mwenye genge, dereva wa bodaboda. Kwa sura ya nje hawa ndio warithi wa mshona viatu wa zamani: muda ni wao, hakuna kengele. Ila yule alikuwa na ujuzi wenye bei, na dereva wa bodaboda ana hesabu ya tajiri kila jioni, shilingi zile zile, mvua inyeshe isinyeshe.

Wapo wanaokubaliana na mwenye pikipiki kwamba siku moja kwa wiki, mara nyingi Jumapili, hakuna hesabu. Siku hiyo ni ya dereva. Anaweza kulala mpaka mchana, kwenda kwao, kukaa kijiweni. Pia ndiyo siku pekee ambayo kila shilingi anayoipata ni yake yote. Kwa hiyo Jumapili saa kumi na mbili asubuhi utamkuta yuko kituoni, kofia mkononi, anasubiri abiria wa kanisani.